Ngozi Iliyokataa Kung'aa

Chumba cha Popo hakina dirisha. Lilikuwepo zamani, likazibwa kwa mbao na kupakwa rangi nyeusi, na mlangoni likatundikwa pazia zito ambalo kila mgeni hulipiga kwa pua kabla macho hayajazoea. Ndani mna meza, kiti cha kuzunguka kilichopoteza gurudumu moja, na hadubini yenye taa ya buluu. Hapo ndipo mwanamke huyu alipoishi sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, na hapo ndipo alipopewa jina. Wenzake wa maabara walisema mtu anayeona vizuri zaidi taa zikizimwa hana haki ya kuitwa kama watu wengine. Hakuudhika. Hata akipokea simu alisema, "Popo hapa, sema."

Kazi yake ni kupima ngozi za watu ambao miili yao imewageuka. Mwili una askari wake, wale wanaopambana na vijidudu. Kuna watu ambao askari hao, bila sababu ijulikanayo, hukosea adui. Huvamia gundi inayoshikanisha ngozi, ngozi ikaachia, maji yakaingia katikati, na lengelenge likainuka mahali ambapo hapakuungua wala kusuguliwa. Kwa macho matupu malengelenge hayo huweza kufanana na yale ya dawa iliyomkataa mtu, au ya vijidudu, hata ya moto. Ndiyo maana hukatwa kipande kidogo cha ngozi kikaletwa kwa Popo. Yeye hukidondoshea rangi inayowang'ang'ania askari hao peke yao, kisha huzima taa ya chumba na kuwasha ile ya buluu. Kama wapo, wanang'aa kijani. Kama hawapo, ni giza.

Kipimo hiki kina masharti yake. Hakikatwi kidonda chenyewe, hukatwa ngozi nzima iliyo jirani nacho, maana penye kidonda askari wamekwisha kuvurugika. Na kipande hakitiwi kwenye formalini. Formalini ni ile dawa kali inayotoa machozi, ambayo maabara huhifadhia karibu kila nyama inayotoka kwa mgonjwa. Inazuia kuoza, ni kweli, lakini inawagandisha wale askari hata rangi isipate pa kushika. Kipande cha Popo kina maji yake maalumu, kwenye chupa yenye kifuniko cha njano. Wauguzi wageni aliwafundisha hayo kwa ukali wa utani: "Ukikitia kwenye formalini usiniletee mimi. Kichimbie kaburi hukohuko."

Dada yake ni msusi. Walifiwa na mama wangali wadogo, na dada, aliyemzidi umri wa kutosha tu kumfunga mgongoni, aliacha shule akawa mama wa pili. Mikono ile ya kusuka ndiyo iliyompeleka Popo darasani, kisha chuoni. Mpaka leo akimtambulisha kwa wateja husema, "Huyu mnayemwona na koti jeupe nimemsuka mimi, toka utosini mpaka miguuni."

Vidonda vilianzia mdomoni. Dada alidhani amejiunguza kwa chai. Baadaye yakaja malengelenge kifuani, yakashuka mgongoni, malaini, yakipasuka kwa kuguswa na nguo tu. Wateja wake ni watu wa adabu, hawakusema kitu. Walikumbuka safari. Mmoja alifiwa ghafla na shangazi ambaye wiki iliyofuata alionekana sokoni. Nyumbani alikokaa na mwanawe, mkwe wake akaanza kumtengea kikombe, kisha sahani, kisha taulo. Mjukuu akawa hapakatwi tena na bibi.

"Mimi simchukii mama," mkwe alimwambia Popo jikoni, sauti chini. "Lakini nina mtoto, mama mdogo. Mtu anihakikishie hauambukizi, mimi mwenyewe nitamlaza mtoto kitandani kwake leo hii."

"Hauambukizi."

"Umeshapima?"

"Bado."

"Basi nisubiri upime," akasema mkwe, akaendelea kuosha vyombo.

Daktari wa ngozi, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, naye alishuku kilekile alichoshuku Popo. Ugonjwa huo una dawa: vidonge vikali vya kuwatuliza askari wa mwili. Usipotibiwa, ngozi huendelea kubambuka hadi mtu akabaki kama aliyeungua, na huweza kumuua. Tatizo ni kwamba dada ana kisukari, na vidonge hivyo hupandisha sukari bila simile. "Simtii kwenye hiyo dawa kwa kubahatisha," daktari alisema. "Nataka ushahidi." Kipimo cha damu kingeweza kusaidia, lakini vifaa vyake vilikuwa vimekwisha na vya kuagiza havijafika. Likabaki tumaini la ngozi.

Siku ya kukata, Popo aliomba awepo. Ni yeye aliyebeba sinia lenye zile chupa mbili, maana vingekatwa vipande viwili: kimoja ukingoni mwa lengelenge, cha kutiwa kwenye formalini kwa kipimo cha kawaida, na kingine kwenye ngozi nzima, chake yeye. Dada alilala ubavu, akageuza shingo kumfuata daktari aliyekuwa akichora alama kwa kalamu.

"Daktari, kidonda kiko huku. Mbona unachora huko pazima? Popo, mwambie mwenzio kapotea njia."

"Hajapotea, dada. Panapotakiwa ni hapo hapo pazima."

"Kumbe! Yaani hata kale kapande nilikobakishiwa mnakataka?"

Muuguzi akacheka. Hata daktari alitabasamu nyuma ya barakoa.

Kipande cha kwanza kilitoka vizuri. Daktari alinyoosha kibano, Popo akakipokea, akakizamisha kwenye formalini. Cha pili ndicho kilichokuwa na balaa. Ganzi haikushika sawasawa. Kisu kilipoingia, dada alitoa sauti ambayo Popo hakuwahi kuisikia kwake, akadaka aproni ya mdogo wake na kuivuta. Popo aligeuza uso kumtazama. "Tumemaliza, dada. Tumemaliza." Na wakati uso uko kwa dada, mkono wake wa pili ulipokea kibano ukafanya kile ambacho umekuwa ukikifanya tangu chuoni kila ulipopewa nyama mbichi. Ulikitia kipande kwenye formalini.

Alitazama chini akaona. Akakitoa, akakitumbukiza kwenye chupa ya kifuniko cha njano, akafunga. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Daktari alikuwa ameinama akishona, muuguzi akikata uzi. Hakuna aliyeona.

Angeweza kusema pale pale. Dada alikuwa bado amelala, kisu kikiwa bado mezani. Lakini dada alikuwa akilia kimyakimya, machozi yakikatisha daraja la pua na kudondokea kwenye mto wa mpira, na Popo akajiambia kwamba kugusa tu si kuloweka. Kitakuwa kimeoshwa na yale maji. Kitakuwa salama. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi maabara, akipishana na watu wanaomsalimu bila kuwasikia.

Anayekata vipande hivyo kuwa utando mwembamba kuliko karatasi ni mzee mmoja anayekaribia kustaafu, wanamwita Mzee wa Wembe. Hufanyia kazi kwenye mashine iliyo kama friji yenye kisu ndani, akiwa amevaa sweta hata siku za joto kali. Alianza kukata, akasita, akakata tena.

"Popo, hiki kimepita wapi?"

"Kimetoka chupani mwake. Kwa nini?"

"Kinaniletea ubishi pembeni. Kigumu kidogo."

"Baridi labda umezidisha, mzee."

Akamtazama juu ya miwani, kisha akarudi kwenye kisu chake. "Labda," akasema.

Popo alidondosha rangi, akasubiri, akaosha, akafunga pazia, akawasha taa ya buluu. Kwanza alitazama kipande cha mgonjwa wa zamani, ambacho maabara hukiweka kwa ajili ya kuhakikisha kwamba rangi ni nzima. Kiling'aa kama kawaida yake. Kisha akasogeza cha dada. Giza. Akahamisha upande wa pili. Giza. Akajaribu kwa lenzi kubwa, akaona kijani hafifu kisicho na umbo, kama mwanga unaopita kwenye chupa chafu. Alikaa pale hadi macho yakaanza kumdanganya kwamba yanaona kitu.

Daktari alishuka mwenyewe kutazama, kama ilivyo desturi yao. Alikaa kwenye kiti kibovu, akainama kwenye lenzi.

"Giza," akasema.

"Giza," Popo akaitikia.

"Na kile cha formalini?"

"Paa la lengelenge liling'oka. Hakisemi hivi wala vile."

"Basi tumwondolee mashaka. Itakuwa ile dawa ya shinikizo la damu anayomeza ndiyo imemkataa. Tunaibadilisha, tunampa na ya kuua vijidudu, anakwenda nyumbani." Akasimama, akapapasa pazia. "Afadhali, si ndiyo? Na ile sukari yake."

Hapo palikuwa na nafasi pana ya kusema. Popo aliijaza kwa kufuta lenzi isiyokuwa na vumbi.

Kwa siku za mwanzo dada alichangamka. Alipiga simu kuwatangazia watu. Lakini ngozi haikusikia habari hizo. Wiki zikipita, malengelenge yalihamia makwapani, yakazunguka kiuno, na pale pale palipokatwa, badala ya kufunga, pakafumuka. Popo alipokwenda kumwona alimkuta ameketi ukingoni mwa kiti, hawezi kuegemea kwa kuwa kitambaa kingenasa mgongoni, akivuta maziwa kwa mrija kwa sababu mdomo ulikuwa umechubuka wote. Mlangoni alisimama mteja wa zamani, aliyekuja kusalimia bila kuvuka kizingiti.

"Si kitu kibaya," dada alikuwa akimwambia, maneno yakitoka kwa taabu. "Aliyepima ni mdogo wangu mwenyewe, wa tumbo moja. Kungekuwa na kitu, huyu si ndiye angekuwa wa kwanza kuniambia?"

Mteja akamtazama Popo, akatabasamu kwa heshima, akaaga.

Popo alisubiri hatua zipotee. "Dada, kile kipimo ni kibovu."

"Mashine imeharibika?"

"Si mashine. Ni mimi." Akamweleza yote: aproni, kibano, formalini, na kile kiza alichokiacha kiitwe jibu. Alieleza kwa utaratibu kama anavyoeleza wanafunzi, maana hakujua namna nyingine ya kusema.

Dada aliweka maziwa chini. "Ulijua lini?"

"Palepale."

"Palepale, mimi nimelala? Na ganzi iko mwilini?"

"Ulikuwa unalia."

"Ndiyo, nililia. Mimi si jiwe." Akavuta pumzi kwa pua. "Kwa hiyo ukanihurumia."

"Nilidhani—"

"Ukanihurumia. Huruma yako imekula mgongo wangu wote, we mtoto. Geuka nikuonyeshe? Na bado siku ya majibu ukanitazama usoni, ukaniambia 'hakijaonekana kitu, dada'. Hivi ndivyo ulivyoniambia au nimesikia vibaya?"

"Ndivyo."

"Sikatwi tena. Uende ukawaambie hivyo. Na wewe mwenyewe, kwa sasa, nenda tu."

Mkwe alikuwa kwenye ujia, mtoto kiunoni. Alikuwa amesikia kila kitu, na wala hakujisumbua kujifanya hajasikia. Alimfungulia Popo mlango.

Kesho yake Popo alimwambia Mzee wa Wembe kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na kwa sababu hakumwogopa kama alivyomwogopa daktari.

"Nilihisi," akasema mzee, akivuta mikono ya sweta. "Kisu hakifichi. Nikakuuliza, ukanijibu. Ulitaka nifanyeje, nikupeleke polisi?"

"Ungenibana."

"Ningekubana, ndiyo. Lakini ni wewe, Popo. Ningembana nesi mgeni mpaka alie. Wewe nikasema, huyu anajua anachofanya." Akatikisa kichwa. "Hilo langu nalo nitalibeba."

Daktari naye alipoelezwa hakupandisha sauti. Aliomba jibu lile lifutwe, akaandika upya kwamba sampuli haikufaa kupimwa, na alipomaliza akakaa akilitazama dirisha. "Kwa wiki hizi zote nimekuwa nikitibu ugonjwa mwingine," alisema. "Na nimemwambia mgonjwa aache wasiwasi." Angeweza kumwanzishia vile vidonge hivyohivyo, bila ushahidi, lakini akikosea, sukari ingemlaza kabla ya ngozi. Alihitaji kipande. Na mwenye ngozi amekataa.

Aliyeuvunja mkwamo huo hakuwa Popo. Asubuhi moja ya wiki iliyofuata, kwenye benchi la nje ya kliniki, aliwakuta dada na mkwe wameketi. Dada alikuwa amejifunika shuka jepesi, uso umepungua hadi macho yakaonekana makubwa. Mkwe alikuwa ameshika mfuko wenye nguo za kulala hospitali.

"Nimemleta mimi," mkwe alisema. "Maji yenyewe hayapiti kooni. Nikamwambia, mama, kama hukatwi kwa ajili ya mdogo wako, basi ukatwe kwa ajili ya huyu mjukuu anayekulilia mlangoni. Akasema haya."

Dada hakumtazama Popo. Alizungumza na daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Nina sharti. Huyu asiingie."

"Hataingia," daktari akasema.

"Na chupa nionyeshwe. Ipi ni ipi, niambiwe."

Popo alisimama nje ya mlango kama ndugu yeyote wa mgonjwa, akisikiliza vyuma vikigongana na sinia. Safari hii hakukuwa na sauti. Mlango ulipofunguliwa, dada alitoka akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na mkwe, na mapajani, mikono yote miwili ikiizingira, alikuwa na chupa ya kifuniko cha njano. Muuguzi alitaka kuichukua. Alikataa. Walipita ujia wote wa hospitali namna hiyo, Popo nyuma yao, hadi dirisha la maabara. Popo alinyoosha mkono. Dada aliipitisha chupa kando ya mkono ule akampa Mzee wa Wembe.

"Mzee, hiki hakijapita mahali. Nimekibeba mwenyewe."

"Nimepokea, mama," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akavua miwani kumpokea mtu kipande.

Mzee alikata. Kisu hakikubisha. Kupaka rangi hakukuwa na mwingine aliyejua isipokuwa Popo, kwa hiyo alipaka yeye, mzee akiwa amesimama begani mwake kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho, na hakuna aliyejifanya kwamba ni kwa mazungumzo tu. Pazia likafungwa. Taa ya buluu ikawaka.

Walikuwepo. Hawakuhitaji kutafutwa. Ngozi nzima ilikuwa imechorwa kijani, mstari mwembamba ukizunguka kila chembe na kuungana na jirani yake, jicho kwa jicho kama wavu uliotandazwa ukaanikwa. Hivyo ndivyo ugonjwa ule unavyoonekana na hauonekani vingine. Popo alisikia furaha ikimpanda kifuani, furaha ya kazi, ya mtu aliyepata alichokitafuta. Ikamchukua muda kukumbuka kwamba anachokifurahia ni hao wanaomla dada yake. Akaondoa uso kwenye lenzi.

"Ndiyo?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

Daktari alitazama, akasema neno moja, akapanda wodini kuandika dawa na kupanga jinsi ya kuilinda sukari. Popo alitoka ujiani. Dada na mkwe walikuwa wamengoja pale pale, karibu na dirisha.

"Umeonekana," alisema. "Ndio ule tulioshuku tangu mwanzo. Una dawa. Ni dawa ngumu, utavimba uso, utachomwa sindano za sukari, huenda ukaimeza miaka. Lakini ipo."

Dada alifumba macho. Kisha akauliza, "Unaambukiza?"

"Hauambukizi hata kidogo. Ni mwili wako wenyewe."

"Usiniambie mimi. Mwambie huyu."

Popo akamgeukia mkwe. "Hauambukizi, mama. Mtoto anaweza kupakatwa, anaweza kulala naye, hakuna shida."

Mkwe alimtazama moja kwa moja. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa na mtoto nyumbani na alitaka kujua. "Una hakika, mama mdogo? Maana hata mara ile tuliambiwa hakuna kitu."

Miaka yote hiyo madaktari walikuwa wakiteremka ngazi kuja kuchukua neno la Popo na kulipeleka kwa wagonjwa, na wagonjwa wakilipokea bila kujua limetoka kwa nani. Sasa aliyekuwa mbele yake anamjua.

"Njoo utazame mwenyewe," akasema. "Halafu umuulize daktari. Umuulize yeye, si mimi."

Mkwe aliingia gizani, akagonga pazia kwa pua, akainama. Alitoka ujiani. Akashika mipini ya kiti cha magurudumu, wakapanda wodini, na huko daktari akawaambia maneno yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule, na mkwe akashusha pumzi, akauliza kama mtoto anaweza kuletwa saa ya kuona wagonjwa. Daktari akasema anaweza. Popo alisikia hayo akiwa mlangoni.

Dada alikwisha kulazwa, muuguzi akitafuta mshipa wa kupitishia maji. Popo akasogea kumshikia mkono kama alivyozoea.

"Mwache mkwe anishike," dada akasema. Halafu, baada ya sindano kuingia na uso kutulia: "Kesho njoo."

"Nitakuja, dada."

"Njoo ukae. Lakini usiniambie jambo lolote ambalo daktari hajaniambia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Nenda kazini sasa, usije ukachelewesha ngozi za watu."